UZI: Rejistra na mgonjwa mzee: ufundi huu ufundishwe kando ya kitanda

Daktari_Milimani (mwanzilishi wa uzi)

Wadau wa afya, na nyinyi mlio na wazazi wazee nyumbani, habari za jioni.

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani hapa Kisumu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupiga raundi na marejistra, yaani madaktari waliokwisha kuhitimu na sasa wanasomea ubingwa. Ni vijana wenye bidii, wanasoma sana, na wengi wanawapenda wagonjwa wao kwa dhati. Lakini kuna jambo linaloniumiza moyo, na naomba tulijadili kwa kina.

Chukua nyanya wa miaka 78 aliyeletwa kutoka Seme kwa kuwa anaongea vitu visivyoeleweka. Rejistra atakusomea presha yake, sukari yake, chumvi ya damu, hali ya figo, na atakwambia ameshaomba picha ya kichwa. Yote sawa. Sasa muulize: wiki mbili zilizopita huyu mama alikuwa akifanya nini kwa mikono yake mwenyewe? Hapo panakuwa kimya. Na jibu liko hatua moja kutoka aliposimama, kwa mkaza mwana aliyeketi na chupa ya uji: mama alikuwa anauza omena soko la Kombewa, anahesabu chenji, anakumbuka nani hajamlipa tangu mwezi uliopita. Jibu hilo likipatikana, uchunguzi wote unageuka. Huo si usahaulifu wa uzeeni. Akili iliyokuwa timamu juzi na leo imevurugika ni dharura. Tafuta maambukizi, upungufu wa maji, dawa mpya aliyoandikiwa, mkojo uliojaa kibofuni, choo kilichofunga, maumivu ambayo hakuna aliyeyauliza.

Mtazamo wangu ni huu: kumtibu mzee ni ufundi, nao unafundishika. Lakini haufundishiki kwa mhadhara wa alasiri moja kuhusu magonjwa ya uzeeni. Unafundishwa kila siku, kwa kila mzee aliyelala kwenye wodi ya kawaida, mkufunzi akiuliza maswali yaleyale mpaka rejistra ayaulize bila kukumbushwa.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na karibu milioni 2.7 walikuwa wametimiza miaka 60, umri ambao Katiba yetu inautambua kuwa ndio mwanzo wa uzee. Kifungu cha 57 kinawapa haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kutosha kutoka kwa familia na kwa Serikali. Huku kwetu vijana wameenda Nairobi na Mombasa kutafuta, wazee ndio walinda boma, na wengi wao ndio wanaolea wajukuu. Tukisema tungoje mpaka kila kaunti ipate bingwa wa wazee, kizazi kizima kitakuwa kimeshapita. Kila rejistra ajue: wa magonjwa ya ndani, wa upasuaji, wa mifupa, wa tiba ya familia.

Na jambo hili lina historia yake. Mwaka 1935 daktari Mwingereza, Marjory Warren, alikabidhiwa wodi za wagonjwa wa muda mrefu katika hospitali ya West Middlesex. Wengi walikuwa wazee waliolazwa miaka mingi, wamekatiwa tamaa, hawana hata jina kamili la ugonjwa. Alimchunguza mmoja mmoja, akawapanga upya, akawainua kitandani, akawatafutia mazoezi na vifaa vya kutembelea. Wengi walirudi makwao. Tiba ya wazee kama taaluma ilianzia pale Uingereza, kwa mtu aliyekataa kuamini kwamba mzee akilala basi ndiyo imetoka.

Karibuni mchangie. Manesi, wafamasia, familia, nataka kuwasikia nyinyi hasa.

---

Rejistra_MwakaWaPili

Asante daktari kwa kulileta hili wazi. Mimi ni mmoja wa hao unaowazungumzia, ila siko Kisumu.

Nitasema ukweli wa wodini. Usiku wa zamu unapokea wagonjwa mfululizo. Anakuja mwenye sukari iliyopanda hadi anapumua kwa shida, anakuja wa kifua kikuu anayetapika damu, halafu mzee ambaye familia inasema tu "amelegea". Huyo wa mwisho ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu sijui nianzie wapi. Wa sukari ana njia yake, unaifuata. Mzee ana magonjwa sita, dawa tisa, na anayemjua vizuri ameachwa kijijini.

Jambo la pili ni mtihani. Tunasoma kile tunachoulizwa. Kwenye mtihani wa vitendo tunawekewa moyo wenye mlio usio wa kawaida, wengu lililovimba, mkono uliopooza. Sijawahi kuona kituo cha mtihani ambacho mgonjwa ni mzee aliyeanguka mara tatu na kazi yako ni kujua kwa nini. Wakufunzi wakitaka tujifunze hili kwa uzito, waliweke kwenye mtihani na kwenye kitabu cha kumbukumbu ya kazi tunachotiwa sahihi.

Ombi langu: nikiwa na dakika kumi tu saa nane za usiku, nifanye nini kwa mzee aliyelegea?

---

Daktari_Milimani

Rejistra, hapo kwenye mtihani umenena. Nitalirudia hapa chini.

Sasa dakika zako kumi. Kwanza ondoa kichwani matarajio kwamba ugonjwa wa mzee utakuja umevaa sare yake. Homa ya mapafu inaweza kuja bila joto na bila kikohozi cha maana, unachoona ni kwamba ameacha kula na anapumua haraka. Mshtuko wa moyo unaweza kuja bila maumivu ya kifua. Kwa hiyo hesabu pumzi mwenyewe kwa dakika nzima, pima sukari papo hapo, pima oksijeni, fanya kipimo cha umeme wa moyo, gusa tumbo la chini uone kama kibofu kimejaa. Hilo la kibofu watu wengi hulipita, na mzee wa kiume mwenye tezi dume iliyokua anaweza kuchanganyikiwa kabisa kwa mkojo uliomzuia.

Halafu akili. Kuna kipimo kilichotungwa na Sharon Inouye na wenzake mwaka 1990, na hakihitaji mashine. Unatafuta mambo manne: je, hali ilianza ghafla na inapanda na kushuka? Je, anashindwa kushikilia umakini? Je, mawazo yake yamevurugika? Je, kiwango chake cha kuwa macho kimebadilika, amesinzia mno au amechangamka kupita kiasi? Mawili ya kwanza yakiwepo, pamoja na mojawapo ya yale mawili ya mwisho, huo ni mchafuko wa akili wa ghafla na una chanzo mwilini. Hapo usimwandikie dawa ya usingizi ili wodi itulie.

Umakini upime kwa lugha yake. Tafadhali sana. Kipimo cha Folstein cha 1975, ambacho ndicho kinachojulikana zaidi, kinamtaka mgonjwa atoe saba kutoka mia moja tena na tena, aandike sentensi, achore maumbo mawili yanayopishana. Nyanya ambaye hakuwahi kushika kalamu atafeli akiwa na akili safi kuliko yako na yangu tuliokesha. Mwambie ataje siku za juma kinyumenyume kwa Dholuo, kwa Kiluhya, kwa lugha aliyolelewa nayo. Usimuulize tarehe ya kuzaliwa kama anajua tu kwamba alizaliwa mwaka wa mafuriko. Muulize majina ya wajukuu anaoishi nao, kisha uthibitishe kwa yule aliyemleta.

Na mzee aliye kimya mno muogope kuliko anayepiga kelele. Mchafuko wa akili wa kimya ndio unaotupita, kwa sababu haumsumbui mtu.

Kabla hujaondoka, piga simu kijijini. Simu moja kwa jirani au mjukuu, dakika mbili, itakupa historia ambayo picha ya kichwa haitakupa.

---

Sista_Kakamega

Daktari, nimefurahi umetuita manesi kwa jina, maana mambo haya tunayaona usiku kucha.

Naongea kama nesi wa wodi ya wanawake, miaka mingi sasa. Mzee anaingia akitembea. Anawekewa dripu mkono mmoja. Anawekewa katheta, ule mpira wa kutolea mkojo, kwa sababu hakuna mtu wa kumsindikiza chooni. Kitanda ni kirefu, akishuka hagusi sakafu. Anaambiwa alale asije akaanguka. Baada ya wiki homa imeisha, daktari anaandika aruhusiwe nyumbani, na yule mama aliyeingia kwa miguu yake sasa hawezi kusimama. Ugonjwa tumeuponya, miguu tumeichukua. Na kwenye faili imeandikwa "amepata nafuu".

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopanga mafunzo: kila rejistra ashinde zamu nzima na nesi, si kama mgeni. Amlishe mzee asiye na meno, aone inachukua muda gani bila kumpalia. Amgeuze kila saa mbili. Abadilishe nepi. Aangalie kisigino na kiuno kwa macho yake, aone kidonda cha kulalia kinavyoanza kwa wekundu usiofifia ukibonyeza. Akishafanya hivyo hataandika katheta bila sababu, na hataacha dripu ikining'inia kwa mtu anayeweza kunywa.

Jambo jingine ni miwani na sauti. Wagonjwa wetu wengi wanaambiwa wamechanganyikiwa kumbe hawasikii. Daktari anaongea akiangalia faili, ameinama, ana barakoa. Mzee anatikisa kichwa tu kwa adabu. Toa nta masikioni, mkaribie, ongea polepole kwa sauti nzito badala ya kupiga kelele. Mambo yanabadilika.

---

Daktari_Milimani

Sista, ulichosema kuhusu miguu kimethibitishwa na watafiti. Huko Cleveland, Marekani, walijenga wodi maalumu ya wazee wenye maradhi ya ghafla: sakafu isiyoteleza, reli za kushikilia, saa na kalenda kubwa ukutani, na timu inayokutana kila siku kuuliza mzee anaweza kufanya nini na lini ataondoka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Wazee waliotunzwa humo walitoka wakijihudumia vizuri zaidi kuliko waliolazwa kwenye wodi za kawaida, na wachache zaidi walipelekwa kwenye nyumba za kutunziwa.

Na mwaka 1999 Inouye na wenzake, wakiwa Yale, walionyesha kwamba mchafuko wa akili unazuilika. Walichofanya ni mambo unayoyasema wewe: kumkumbusha mgonjwa yuko wapi na leo ni siku gani, kumtembeza, kumpa maji, miwani yake na kifaa cha kusikilizia, kumwacha alale usiku bila kuamshwa ovyo. Waliopatwa walikuwa asilimia 9.9, dhidi ya 15 kwa waliopata huduma ya kawaida. Wao walitumia watu wa kujitolea waliofunzwa. Sisi tuna ndugu waliojaa nje ya geti wakingoja saa ya kuona wagonjwa. Rejistra afundishwe kumkabidhi ndugu kazi maalumu na kuiandika kwenye faili kama anavyoandika dawa: "Binti amtembeze hadi dirishani asubuhi na jioni. Ampe glasi ya maji kila baada ya saa mbili."

---

Mfamasia_Kondele

Naingia hapa kwenye dawa, maana ndipo wazee wanapoumia kimyakimya.

Nikiwa na wanafunzi huwa nawaambia wasiniambie mgonjwa anakunywa nini mpaka wauone mfuko. Ule mfuko wa plastiki wenyewe, umwagwe mezani. Utakuta dawa za kliniki ya presha, dawa za kliniki ya sukari, za kemisti wa sokoni, vidonge jirani alivyogawa kwa kuwa vilimsaidia yeye, na chupa ya mitishamba. Kliniki hizi haziongei. Kila moja inaongeza, hakuna inayopunguza.

Nitatoa mfano mmoja ambao kila rejistra anapaswa kuukariri. Mzee anapewa amlodipini kwa ajili ya presha. Dawa inamvimbisha miguu. Anayemwona miguu imevimba anadhani ni moyo, anamwandikia furosemidi. Sasa mzee anakojoa kila mara, usiku anakimbilia choo kilicho nje uani, gizani, presha imeshuka kwa sababu ya maji yaliyotoka, anaanguka, anavunjika nyonga. Kwenye faili itaandikwa kuwa mzee aliteleza. Hakuna atakayeandika kwamba safari ile ilianza na kidonge.

Mengine kwa haraka: Piriton, dawa ya mzio, ikitumiwa kama dawa ya usingizi kwa mzee ni hatari, inavuruga akili, inafunga mkojo na choo. Valium, dawa ya kutuliza, inakaa mwilini mwao muda mrefu sana. Sindano za diklofenaki kwa maumivu ya magoti zinaharibu figo na tumbo. Glibenklamidi, kidonge cha kisukari, inaweza kushusha sukari usiku kucha, hasa kwa mzee aliyekula kidogo. Daktari Mark Beers aliandika orodha ya dawa za namna hii Marekani mwaka 1991 na imekuwa ikisasishwa tangu hapo. Rejistra awe nayo kwenye simu.

Na kwa eneo letu hili la ziwa, kuna kizazi kilichookolewa na dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi na sasa kinazeeka nazo. Ni jambo la kushukuru sana. Lakini dolutegraviri, mojawapo ya dawa hizo, inapandisha kiwango cha metformini, dawa ya sukari, mwilini, kwa hiyo mzee mwenye virusi na sukari asizidishiwe metformini ya miligramu 1,000 kwa siku. Nimeona kliniki mbili za jengo moja zikimtibu mtu mmoja bila hii kuangaliwa.

Halafu figo. Kipimo cha kreatinini, taka ya misuli inayochujwa na figo, kinaweza kusoma sawa kwa mzee aliyekonda kwa sababu misuli yake ni michache, si kwa sababu figo ni nzima. Piga hesabu kwa umri na uzito kabla ya kuandika dozi.

---

Fizio_Nakuru

Nipo Nakuru, na ninaunga mkono kila kitu. Nitaongeza moja tu: msimamisheni mzee!

Marejistra wengi humchunguza mzee kuanzia kichwa hadi kidole akiwa amelala chali, halafu wanaondoka. Hujui lolote kuhusu mzee mpaka umwone akiinuka kwenye kiti. Kuna kipimo cha 1991, rahisi kabisa: akae kwenye kiti chenye mikono, asimame, atembee mita tatu, ageuke, arudi, akae. Ukihesabu sekunde 12 au zaidi, jua yuko kwenye hatari ya kuanguka. Unahitaji kiti na saa ya simu.

Pima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, umeshapata sababu mojawapo ya kuanguka, na mara nyingi dawa inayoishusha iko kwenye ule mfuko wa mfamasia.

Ila vipimo hivi vilitungwa kwa watu wa viti na vyoo vya kukalia. Mzee wa Njoro au Molo anaenda choo cha shimo, anachuchumaa. Kwa hiyo mimi huongeza: je, anaweza kuchuchumaa na kuinuka bila kushika ukuta? Choo kiko umbali gani na mlango wa nyumba? Njia ina matope? Usiku anatumia taa gani? Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya shimo, pamoja na fito mbili za kushikilia, fundi wa kijijini anakitengeneza kwa siku moja. Nikiona rejistra ameandika hilo kwenye mpango wa kumruhusu mgonjwa, najua amefundishwa.

---

Binti_wa_Bondo

Mimi si mtu wa afya. Ni mwalimu wa shule ya msingi na ninamtunza baba yangu.

Baba alilazwa mwaka jana baada ya kuanguka. Sitataja hospitali, sina nia ya kumharibia mtu kazi. Kilichoniuma hakikuwa dawa. Ni kwamba daktari kijana alisimama upande wa pili wa kitanda akaniuliza mimi, "Anakula? Anaenda choo? Ana maumivu?" Baba alikuwa macho, anasikia yote. Ni mtu aliyekuwa mzee wa kijiji, watu walikuwa wanasimama akiingia. Aligeuza uso ukutani, na kwa siku mbili hakuzungumza na daktari yeyote. Wakaandika kwamba huenda ana sonona.

Siku ya kuruhusiwa tukaambiwa awe anaogeshwa na kugeuzwa. Daktari akamwelekeza mke wa kaka yangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa pale. Jamani, mkaza mwana amwogeshe baba mkwe? Kwetu jambo hilo haliwezekani. Shemeji alilia njia nzima. Laiti angeuliza tu, "Nyumbani nani ataweza kumshika mzee?", tungemwambia kuna mjukuu wa kiume, na tungepanga.

Wafundisheni hilo. Wamwamkue mzee kwanza, wamwite "mzee" au "baba", wakae chini walingane naye kwa macho, wamuulize yeye. Sisi watoto tutajazia.

---

Daktari_Milimani

Mwalimu, pole sana, na pole kwa mzee. Nimemtumia ujumbe wako kila rejistra ninayefanya naye kazi.

Kwa Wagusii pia mwiko kati ya mkwe na mkaza mwana ni mkali, na kwa Waluhya vilevile. Hili ni swali la kitabibu kabisa: mpango wa matunzo usiotekelezeka nyumbani ni sawa na dawa isiyonunulika.

---

Mkazi_Gusii

Kwa kuwa Wagusii wametajwa. Oktoba 2021 huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowashtaki uchawi. Sisemi walikuwa wagonjwa, sijui hali zao. Ninachosema ni kwamba kwetu ajuza anayetangatanga usiku, anayeongea peke yake, anayesahau nguo, anaweza kuonekana mchawi. Daktari akimwambia mwanawe "ni uzee tu, mrudisheni nyumbani", amemrudisha kwenye hatari. Daktari anayejua kuutambua ugonjwa wa kusahau, anayeketi na wana wa boma akawaeleza kwamba ni ubongo unaougua na hakuna aliyerogwa wala anayeroga, huyo anaokoa maisha bila hata kuandika dawa. Hili nalo lifundishwe, kwa maneno ya kusema na kwa lugha ya wenyeji.

---

Afisa_Ugunja

Nitapinga kidogo, kwa heshima. Mimi ni afisa wa kliniki kituo cha afya. Wazee wa Siaya hawaonwi na rejistra. Wananiona mimi, au hawamwoni mtu. Mnapomimina juhudi kwa marejistra wa hospitali kubwa, mnafundisha kilele cha mti. Mizizi je?

---

Daktari_Milimani

Ndugu yangu, mizizi ni muhimu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2017 wa kupima uwezo wa mzee huko huko kijijini: kutembea, kumbukumbu, macho, masikio, lishe, huzuni. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa mikoba yao mwaka 2023 wanaweza kufanya sehemu kubwa ya hiyo.

Lakini angalia rejistra wa leo ni nani kesho. Tangu afya iende kwa kaunti mwaka 2013, hawa ndio mabingwa wanaopelekwa Siaya, Busia, Homa Bay, Vihiga. Ndio watakaokujibu simu ukipiga kuuliza, ndio watakaowafundisha madaktari wa mafunzo kazini na maafisa wa kliniki wanaozunguka wodini. Asiyejua kuuliza "wiki mbili zilizopita alikuwaje?" hatamfundisha mtu mwingine kuuliza. Nakukaribisha raundi zetu, na nikipata nafasi rejistra mmoja aje kukaa nawe Ugunja. Atajifunza mengi kwako.

---

Kijana_Nyalenda

Swali gumu, msinishambulie. Vitanda ni vichache. Mzee ana miaka 85. Kuna kijana wa miaka 20 kwenye korido. Tunafundisha madaktari kuwapigania watu ambao wameshaishi?

---

Daktari_Milimani

Hakuna wa kukushambulia, wengi wanalifikiria hili. Umri peke yake haukuambii mgonjwa atanufaika na nini. Nina wagonjwa wa miaka 85 wanaolima, na wa miaka 62 wasioinuka. Kinachokuambia ni uwezo wake wa kabla ya ugonjwa, ndiyo maana nang'ang'ania swali hilo. Na mzee aliyechunguzwa vizuri siku ya kwanza huondoka mapema. Anayepuuzwa ndiye anayekaa kitandani wiki sita na vidonda.

Lakini swali lako linagusa jambo jingine ambalo madaktari tunalikimbia. Kuna wazee wanaopelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, familia inachanga, shamba linauzwa, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenyewe anataka nini akiwa bado anaweza kujibu. Tumezoea kusema mgonjwa haulizwi uji. Huyu aulizwe. Wapo watakaosema nipigane hadi mwisho, na tutapigana nao. Wapo watakaosema nipunguzieni maumivu nirudi kwangu nikaone mji wangu. Watu wa hospisi, wanaowatunza wagonjwa wasioweza kupona, hapa Kisumu, Nakuru na Eldoret wanajua mazungumzo haya kuliko sisi, na rejistra akae nao.

Namna ya kuuliza inafundishika. Kwanza peke yake, kabla kifungua mimba hajafika kutoka Nairobi. "Mzee, katika siku zako hizi, kitu gani kina maana kwako kuliko vyote? Kitu gani unakiogopa?" Kisha umwombe ruhusa uwaambie watoto. Ukisubiri kikao cha ukoo, wenye sauti kubwa ndio watakaoamua.

---

Rejistra_MwakaWaPili

Daktari, umesema utarudi kwenye mtihani.

---

Daktari_Milimani

Nimerudi. Nimeandika pendekezo la kurasa mbili, nitalipeleka kwa wakufunzi wenzangu. Kwenye kitabu cha kumbukumbu ya kazi, kila rejistra atiwe sahihi kwa mambo ya kutenda: mfuko wa dawa aliomwaga na kuandika dawa alizosimamisha na sababu, mchafuko wa akili alioutambua na chanzo alichokipata, mzee aliyemsimamisha na kumpima presha, kikao kimoja cha familia alichokiongoza mkufunzi akiwepo, zamu na nesi, na ziara ya nyumbani. Sahihi ya zamu itolewe na sista wa wodi. Na kwenye mtihani wa vitendo kuwe na kituo cha mzee aliyeanguka, mezani kukiwa na mfuko wa dawa na kiti kimoja.

---

Sista_Kakamega

Hiyo ya sahihi ya sista naikubali kwa mikono miwili.

---

Rejistra_MwakaWaPili

Ziara ya nyumbani ifanywe kabla mzee hajaruhusiwa au baada? Na nauli je?

---

Daktari_Milimani

Baada, wiki ya kwanza au ya pili, kwa sababu hapo ndipo dawa mpya na za zamani zinakutana kwenye mfuko mmoja. Anza na mzee wa karibu, Nyalenda au Manyatta, mahali unapofika kwa boda boda. Wa Seme na Nyakach tutawafikia gari la huduma za nje likienda upande huo. Nenda mchana wakati wa mlo, uone anachokula na anayempa. Uliza dawa zinawekwa wapi. Tembea naye hadi chooni, kwa mwendo wake. Andika nusu ukurasa, uilete Alhamisi, na mwenzio wa mwaka wa kwanza aende nawe.